Koza, Usiangaze

Maulidi ya wanawake katika kijiji kile cha kata ya Dimani hayakuwahi kuanza kabla Bi Mwanamkuu hajafuta miwani yake. Angeketi mbele, juu ya mkeka aliousuka kwa mikono yake, akaitoa miwani katika kifuko cha kitambaa, akaihemea, akaisugua kwa ncha ya kanga, akaivaa, kisha akakifungua kitabu. Hapo ndipo ubani ulipotiwa katika chetezo na watoto wakanyamazishwa. Yeye ndiye aliyefungua mlango wa kwanza wa kisomo, na yeye ndiye aliyesoma ule mlango wa kiyamu, ambapo watu wote husimama, marashi yakanyunyizwa na wengine wakatokwa na machozi. Milango ya katikati wasomaji wengine walipokezana. Hiyo miwili ilikuwa yake, na hakuna aliyekumbuka vizuri ilianza lini kuwa yake.

Mwaka huu, mwezi wa Mfungo Sita ulipoandama, habari zilikuwa zimekwisha kuenea kutoka kisimani hadi mashineni kwamba Bi Mwanamkuu haoni tena. Kusema haoni kulikuwa kutia chumvi. Aliona kuku, alimtambua mtu kwa mwendo, na aliona jani moja lililosalia katika uwanja uliofagiwa ovyo, akalisema. Vilivyomponyoka ni vitu vyembamba: tundu la sindano, mwiba wa samaki, na irabu za maandishi ya Kiarabu, vile vijistari na vikunjo vinavyokaa juu na chini ya herufi na kuamua kama itatamkwa a, i au u. Muuguzi wa zahanati alimmulika akamwambia kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba madaktari wa macho wangemhudumia watakapopita baada ya mvua za vuli. Maulidi yangetangulia.

Aliyeleta ujumbe wa akina mama alikuwa Bi Habiba, dada wa marehemu mumewe na msomaji wa pili wa kikundi, mwanamke mpana wa mwili na wa sauti.

"Wifi, watu wanauliza. Tukutafutie msaidizi?"

"Msaidizi wa kula pilau au wa kusoma?"

"Wa kula tunao tele, tunawapunguza. Wa kusoma."

"Nani huyo?"

Bi Habiba akajitazama kucha. "Mimi nipo. Sikujitaja, wametaja wao." Kisha, kwa kuwa alimpenda wifi yake zaidi ya alivyopenda kuonekana, akaongeza: "Au usome kwa ghibu, bila kutazama kitabu, yaishe. Kitabu hicho umekila. Ukipiga chafya tu, linatoka neno lake."

"Nimekila, ndiyo. Lakini nani aliyewahi kuona tumbo likirudisha kitu kama lilivyokipokea?"

Bi Habiba alicheka hata akashika nguzo ya kibaraza. Hata hivyo ujumbe haukucheka. Kama siku ya maulidi ingefika na Bi Mwanamkuu hajaona maandishi, mkeka wa mbele ungekaliwa na Bi Habiba. Na katika kikundi kile, aliyeuacha mkeka wa mbele hakuurudia. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyoupata kutoka kwa waliomtangulia, wakiwa hai na wakimtazama.

Suala la ghibu halikuwa ukaidi mtupu. Bi Mwanamkuu alizaliwa Kiongoroni, katika visiwa vya Delta, baba yake akiwa mkata boriti za mikoko na mama yake msusi wa mikeka. Aliyemfundisha kusoma ni shangazi yake, Mwalimu Mwantum, ambaye chuo chake kilikuwa ukumbi wa nyumba ya udongo unaonuka moshi wa samaki. Mwanafunzi wa Mwalimu Mwantum alisoma kidole kikiwa juu ya mstari. Kama mdomo ulikimbia mbele na kidole kikabaki nyuma, kitabu kilifungwa juu ya kidole, na hakikufungwa taratibu. "Ghibu hula irabu," alikuwa akisema. "Mdomo ni mvivu, hupita panapoteleza. Jicho ndilo linalouzuia." Wanawake wengine wa Dimani waliikuta kanuni hiyo kwa Bi Mwanamkuu wakaiheshimu kama unavyoheshimu kilema cha mtu mwema: hukiigi, wala hukisemi.

Naye alijiuliza mara nyingi, akiwa peke yake anachambua mchele na kuusikia zaidi ya kuuona, kama huo ulikuwa uaminifu au kibri kilichovaa kanga ya uaminifu. Mtu asiyetaka kuachia mkeka atakosa sababu? Alichojua ni kwamba hatasoma mbele za watu neno asiloliona, na kwamba alitaka sana, kuliko alivyowahi kutaka kitu katika miaka ya karibuni, kuliona.

Basi watu wakamletea mwanga. Bi Habiba alileta tochi ya kuvaa kichwani. Jirani akaleta taa ya sola yenye balbu nyeupe kama meno. Mwanawe, Abdulhalim, aliyekuwa akifanya kazi Mkuranga, alituma taa ya mezani yenye shingo ya kupinda. Wengine walimshauri asomee juani. Kila mwanga ulipoongezeka, ukungu uliongezeka nao. Karatasi ilimwakia usoni kama taa za basi linalokuja mbele yako katika barabara ya Kilwa, na herufi zikayeyukia ndani yake. Aliwashukuru wote, akaziweka taa zao kabatini.

Faudhia, mke wa Abdulhalim, ndiye aliyeishi na Bi Mwanamkuu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mtaratibu mwenye mazoea ya kueleza jambo hata kwa asiyeuliza. Alikuwa na kishikwambi, kimoja katika vile vilivyofanya kazi ya sensa kisha vikagawiwa walimu. Alasiri moja alikichukua kitabu cha mama mkwe wake, akakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akaja kibarazani na kumwekea kile kioo mapajani.

"Mama, tazama sasa. Nimeweka mwanga wote."

Bi Mwanamkuu alifumba macho, yakamtoka machozi, akageuza shingo. "Mwanangu, umeniwashia moto usoni."

"Basi nikuze herufi?"

"Kuza. Na upunguze mwanga."

"Nipunguze? Mama, si unasema huoni?"

"Ndiyo. Punguza nione."

Faudhia alicheka, kisha akaona kwamba mama mkwe wake hakucheka, akatii. Aliburuta kidole, na ukurasa ukashuka kutoka weupe wa chokaa hadi rangi ya jivu. Machozi yalikatika. Macho yalipumzika, yakatua juu ya kioo kama ndege aliyepata tawi. Hata hivyo herufi nazo zilikuwa zimeshuka pamoja na karatasi, kijivu juu ya kijivu.

"Enhe?"

"Sasa ni alfajiri. Najua wapo watu, siwajui ni akina nani."

Faudhia alifungua sehemu ya kurekebishia picha, akayasoma majina yaliyojipanga pale chini: mwangaza, vivuli, utofautishaji.

"Hilo la mwisho ni neno la wapi, refu kama foleni ya Kongowe?"

"Utofautishaji, Mama. Ni ule umbali kati ya sehemu nyeusi na sehemu nyeupe ya picha. Ukiuongeza, cheusi kinakuwa cheusi zaidi na cheupe kinakuwa..."

"Aa!" Bi Mwanamkuu akampiga kofi la goti. "Kukoza. Si useme kukoza?"

Neno hilo lilikuwa la kwao. Mama yake, akichemsha miaa ya ukindu katika sufuria la magome ya mkandaa, alikuwa akimwagiza akoze, asiiache rangi ikapauka. Lakini kabla ya kukoza miaa ya rangi ilibidi kwanza kuianika ile itakayobaki nyeupe, ikapigwa na umande na jua hadi ikatakata, kwa sababu rangi haikolei kwa wingi wake, hukolea kwa jirani yake. Msusi mbaya hununua rangi zaidi. Msusi mzuri humtazama jirani. Alikuwa amelijua jambo hilo kwa vidole tangu hajaota meno ya utu uzima, na haikuwahi kumpitikia kwamba lingemfuata hadi ndani ya kioo.

"Koza basi," alisema. "Koza, usiangaze."

Faudhia akaburuta. Herufi ziliinuka kutoka katika jivu kama vyombo vinavyotolewa majini: alifu ikasimama, nuni ikapata tumbo lake. Bi Mwanamkuu akasogeza uso. Faudhia, kwa furaha, akazidi kuburuta.

"Wee! Simama hapo! Umepitiliza. Te yangu iko wapi?"

"Ipi, Mama?"

"Hii. Ilikuwa na nukta mbili, sasa ina dafu moja. Umeiunguza. Ukizidisha mkandaa, ukindu hukatika."

Ikawa ndiyo kazi yao ya alasiri. Ukoza ukipungua, irabu zilizama. Ukizidi, nukta zilishikana. Mwanga ukishuka mno, macho yalichoka kwa kutafuta. Ukipanda mno, yalichoka kwa kujikinga. Bi Mwanamkuu alichagua mstari mmoja wenye be na te zilizokaa jirani, na juu yake alama ndogo ya kukazia iliyobeba irabu mgongoni, akaufanya mizani: kipimo chochote ambacho hakikumwonyesha vitu hivyo kila kimoja mahali pake hakikuwa kipimo, hata kama kilipendeza. Faudhia akagundua mahali pa kuufanya weupe wa kioo uelekee umanjano, ukawa kama tui lililoguswa na bizari, na mama mkwe wake akashusha mabega kwa mara ya kwanza siku ile.

Ghafla kioo kikafifia chenyewe. Faudhia alikuwa ameinama kukitazama, kivuli chake kikakiangukia.

"Nani kakigusa?"

"Kinajirekebisha, Mama. Kinapima mwanga wa nje, halafu kinaamua."

"Kinaamua? Kizimie uamuzi huo. Macho ni yangu."

Faudhia akauzima. Lakini Bi Mwanamkuu hakuridhika kuonyeshwa kwamba umezimwa. Alitaka kidole chake mwenyewe kijue njia. Aliteremsha pazia la juu la kioo, lile lishukalo kidole kikilivuta, akakipata kialama cha jua, akavuta kuume na kushoto, akapoteza, akakipata tena, akinung'unika kama mtu anayemfundisha ng'ombe kulima. Jua lilipoinama alikuwa anaweza kufanya hivyo bila kutazama mkono.

Alasiri zilizofuata alisoma. Alisoma kwa sauti ya ndani, kisha kwa sauti ya nje, na wapita njia wakapunguza mwendo. Faudhia alisahihisha madaftari huku anamsikiliza, na mara moja aliacha kalamu hewani na kusahau kuirudisha. Mama mkwe wake alikuwa amenyooka mgongo. Miezi mingi alikuwa amekaa kama mtu anayechungulia ndani ya mtungi. Sasa alikaa kama mwenye nyumba.

Bi Habiba alipokuja kukagua, alikizunguka kile kifaa kwa mashaka. "Hiki si ndicho kilichokuja kuuliza kwangu nina vyumba vingapi na choo cha aina gani?"

"Ndicho."

"Kimesilimu lini?"

"Kilipokuona wewe, kikasema heri nitubu."

Asubuhi ya maulidi yenyewe, wakati masufuria ya pilau yakiwa tayari mekoni, Bi Mwanamkuu aliupitia mlango wa kiyamu kwa mara ya mwisho, na katika neno moja fupi, karibu na mwanzo, jicho lake likaushika mdomo.

Mdomo ulikuwa umekwisha kuanza kusema u. Ndivyo ulivyosema miaka yote. Juu ya herufi ile kulikuwa na dhumma, kile kikunjo chenye kichwa kidogo kama kiluwiluwi. Sasa, katika mwanga wa chini na wino uliokolea kwa kiasi, alama ile iligawanyika: kijistari cheusi cha mshazari, na kando yake kitone cha hudhurungi, kilichopauka, chenye ukingo wa mduara. Wino na doa. Doa la kahawa, pengine la maulidi ya zamani kabla kitabu hakijawa chake. Kikunjo kilikuwa hakipo. Kilikuwa kijistari tu, yaani fat-ha. Neno lilitaka a.

Alivuta ukoza mbele kidogo, na doa likawa jeusi kama wino, dhumma ikarudi. Akaurudisha nyuma, dhumma ikafa. Alifanya hivyo tena na tena. Kijiji kizima kilisoma u. Vitabu vyao vyote vilikuwa nakala za mashine zilizotolewa Kibiti kutokana na kitabu hiki hiki, na mashine ya nakala haijui kahawa; kwake kila kilicho giza ni wino.

Hakumwambia mtu. Saa ya kuuliza ilikuwa imepita, na zaidi ya hayo alijishuku. Lililoona ni jicho bovu lililosaidiwa na mashine. Je, kama doa ni lile la mshazari, na kikunjo ndicho cha kweli? Je, kama mwanga huu aliouchagua kwa raha ya macho yake ulikuwa umemchagulia pia anachotaka kukiona? Aliamua jambo moja tu: akifika pale, hatatoa a ya kibarazani wala u ya miaka yote. Atatamka atakachokiona pale pale.

Maulidi yalisomwa baada ya Adhuhuri katika uwanja wa madrasa, chini ya turubai. Wanawake walikuwa wamevaa nyeupe, kama ilivyo desturi, na walipoketi kumzunguka msomaji wao, kioo kilichoketi mapajani mwake kilijaa weupe wao: mitandio, mabega, mikono inayopepea. Bi Mwanamkuu aliteremsha macho kutafuta herufi akakutana na jirani zake. Kuongeza mwanga kungeziua irabu, hilo alilijua. Akageuka nyuma, akatazama, akamwona Bi Habiba, ambaye alikuwa bado hajavua buibui lake jeusi kwa sababu lilimfanya aonekane mwembamba.

"Wifi, njoo ukae nyuma yangu. Karibu. Zaidi."

"Nikufanyie nini?"

"Usifanye kitu. Kaa tu mweusi."

"Mie nimekuwa pazia?" Lakini alikuja, akajimwaga nyuma yake kwa upana wake wote, na weupe ukatoweka kwenye kioo kama maji yaliyofungiwa mfereji. Pale katikati, katika kivuli cha wifi yake, herufi zilikuwa zimesimama.

Hakuwa na miwani ya kufuta. Herufi zilizokuzwa hazikuihitaji. Kwa hiyo watu wakangoja ishara isiyokuja, kisha sauti yake ikafungua mlango wa kwanza. Ilikuwa sauti nzee, yenye mchanga kidogo chini yake, lakini haikutafuta njia. Wanawake waliokuja na huruma waliiweka kando. Wasomaji wa katikati walipokea mmoja baada ya mwingine. Bi Habiba alisoma mlango wake kutoka pale pale alipo, juu ya bega la wifi yake, kwa nakala yake iliyokunjwa mara nyingi. Ubani ukapanda. Kisha ikaja zamu ya kiyamu, na uwanja wote ukasimama.

Bi Mwanamkuu alisimama akiwa amekishika kishikwambi mbele ya kifua. Alianza. Mrashi ulipitishwa, na matone ya marashi yakaangukia vichwa, viganja, na kioo. Palipoanguka tone, herufi ilivimba. Faudhia, aliyekuwa ubavuni pake akiliona hilo, alifanya ambalo mke wa mwana yeyote mwenye adabu angelifanya: alichukua ncha ya mtandio wake akakipangusa kioo haraka, kutoka juu kwenda chini, kisha kwa upande.

Pazia la juu la kioo likateremka na mtandio. Kialama cha jua kikaburutwa hadi mwisho. Ukurasa ukalipuka mweupe.

Ilikuwa kabla kidogo ya lile neno. Bi Mwanamkuu aliona mwako, kisha ukungu, kisha si kitu. Mdomo wake, mvivu na mwaminifu kwa mazoea, ulikuwa umekwisha kujikunja kwa ajili ya u. Akaufunga.

Watu walikuwa wamesimama, wengine na viganja vimeinuliwa, na kisomo kilikuwa kimekatika mahali ambapo hakijawahi kukatika. Nyuma ya sikio lake, Bi Habiba, kwa wema wote, alimnong'oneza neno linalofuata. Alilinong'oneza kwa u. Kutoka safu ya mbele mtu mwingine alilinong'oneza pia, kwa u, na msichana mmoja wa chuo naye. Neno lilimjia kutoka pande zote, katika sauti ambazo yeye ndiye aliyezifunza, likiwa na kosa lile lile, kama ni kosa. Ilikuwa rahisi kulipokea. Hakuna ambaye angejua. Kiyamu kingeendelea, machozi yangetoka, mkeka ungebaki wake.

"Subirini," alisema, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anamzuia mtu mlangoni.

Faudhia alinyoosha mkono, uso umemwiva kwa fedheha. Bi Mwanamkuu akausogeza mkono ule kando kwa kiwiko. Alifumba macho ili mwako uyatoke. Kidole chake kilipanda juu ya kioo bila yeye kukitazama, kikateremsha pazia, kikalikuta jua lilipo, kikalishusha. Alifumbua. Bado juu mno. Akashusha tena, nukta kwa nukta, hadi weupe ulipogeuka karatasi. Hakuharakisha. Uwanja mzima ulisimama kumngoja mwanamke mmoja apunguze mwanga, na yeye, ambaye maisha yake yote alikuwa akijishtaki kwa kibri, safari hii hakujishtaki. Akaipata te, nukta zake mbili. Akaipata be. Akakifuata kidole hadi kwenye neno.

Kijistari cheusi. Kando yake, hudhurungi, doa.

Akasoma a.

Alisikia nyuma yake buibui likishtuka. Hakusimama. Alikwenda na mstari hadi mwisho wake, akashika unaofuata, na waitikiaji, baada ya kujikwaa kidogo, wakamrudia. Sauti zao zikapanda chini ya turubai, na yeye akazibeba mlango mzima hadi mwisho, bila kupoteza hata kijistari kimoja.

Pilau lilipopakuliwa, Bi Habiba hakungoja kunawa.

"Wifi, kwanza umetusimamisha hadi miguu imeota mizizi. Halafu ukakosea."

"Nimekosea wapi?"

"Unajua wapi. Pale. Kila mtu kasikia." Akaifungua nakala yake, akaweka kidole. "Dhumma hii hapa, nyeusi kama mimi. Na kitabu chako ndicho kilichoizaa."

Bi Mwanamkuu akampa kishikwambi. Bi Habiba alikitazama, akakisogeza, akakipeleka mbali.

"Mbona giza humu? Wewe ulikuwa unaona nini?"

"Hilo ni giza lako. Panda nalo hadi utakapoona. Jua ni hilo hapo juu, vuta."

Bi Habiba, akiwa ameuma ulimi, alivuta kwa kidole kinene hadi ukurasa ulipomwangukia vyema yeye. Wanawake waliinama pamoja naye. Aliusogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Hiki ni kitu gani cha kahawia?"

"Kahawa, nadhani. Sina hakika," alisema Bi Mwanamkuu, na ilikuwa kweli. "Nimesoma nilichokiona. Kama kuna mahali pengine neno hilo limeandikwa safi, tutajua. Mimi sijui lilipo."

Bi Habiba alinyanyua uso taratibu. Akaishika nakala yake, akarudi nyuma kurasa kadhaa, hadi kwenye mlango wake mwenyewe, ule aliousoma mchana ule ule na kila mwaka kabla ya huo. Midomo yake ilicheza. Kidole kikasimama.

"Lipo," alisema. "Lipo kwangu. Fat-ha, safi, halina doa. Na mimi nimelisoma a." Akawatazama wote. "Kila mwaka nalisoma a, nakaa, wewe unasimama unalisoma u, naitikia u. Na nyie wote mnaitikia!"

Akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa buibui zima, akamshika wifi yake mkono ili asianguke juu ya sinia. Bi Mwanamkuu hakucheka mara moja. Aliwaita wale wasichana wa chuo waliomnong'oneza, akawaketisha mbele yake kwenye mkeka, akamwomba Faudhia ashike kioo mahali watakapoona wote.

"Vidole kwenye mstari," aliwaambia. "Someni hilo neno."

Wakalisoma, kwa a, kwa sauti moja. Akawataka walirudie, ingawa hawakuwa wamekosea.